Mteja alitaka maneno yake 21

Mwaka 1993, ghorofa ya nne, jengo moja la Westlands. Mwenye kampuni ya dawa ya mbu ananihesabia maneno kwa ncha ya kalamu. Mbele yake karatasi mbili. Kushoto tangazo la redio la sekunde 30 kwa Kiingereza, maneno 72. Kulia tangazo hilo hilo kwa Kiswahili changu, maneno 51. Alipomaliza aliiweka kalamu chini akamgeukia bosi wangu, hakunitazama mimi: "Na haya mengine 21 yako wapi? Mimi nimelipia yote."

Nilikuwa na miaka 24, na kazini, kwenye kampuni ya matangazo, miezi minane tu. Nilikuwa nimeajiriwa kwa sababu moja, kwamba mimi ni mtoto wa Mombasa. Bosi aliamini kila aliyezaliwa Kisiwani anatembea na Kiswahili mfukoni kama kitambulisho. Mshahara wangu ulikuwa wa mtafsiri, meza yangu ilikuwa karibu na choo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliitwa kwenye chumba cha wateja.

Nilimjibu mwenyewe. Nilimwonyesha mstari wa Kiingereza wenye maneno sita, nikamwonyesha wangu: "Mbu hawatakusumbua tena." Matatu. Yote yamo humo, nani, lini, wataacha kufanya nini, kwa nani. Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Kilichoniokoa ni saa. Fundi wetu wa studio, mzee aliyestaafu KBC, shirika la utangazaji la taifa, alikuwa amenipa saa yake ya kupimia sekunde, ya chuma, ya kujazwa kwa mkono, kioo kimepasuka upande wa saa tisa. Nilimpa mteja aishike yeye, nikamsomea matangazo yote mawili kwa sauti. Kiingereza sekunde 29. Kiswahili 29 na nusu. Akanirudisha mara mbili zaidi ili anikamate. Mwishowe akatia sahihi, ila mpaka leo naamini alitoka pale akijua nimemwibia maneno.

Saa hiyo iko hapa mezani. Haijazwi siku hizi, imekuwa ya kukandamiza karatasi.

Vijana huniuliza nilitokaje kwenye matangazo nikaingia redio, na kutoka redio nikawa mwandishi wa kitabu, na huuliza kwa namna inayoonyesha wanadhani nilikuwa na mpango. Hebu niseme ilivyokuwa.

Nilipoanza, ukitaka Kenya nzima isikie jambo lako ulipitia mlango mmoja, Broadcasting House pale Harry Thuku Road. KTN ilikuwa imeanza mwaka 1990, lakini televisheni ilikuwa kitu cha sebule za watu wachache. Redio ndiyo iliyokuwa shambani, dukani na jikoni, na redio maana yake ilikuwa Idhaa ya Taifa ya KBC. Nilibeba tepu kwenye kiondo nikapanda matatu mpaka mjini, nikatembea kilichobaki, nikaandikisha jina langu kwenye daftari la askari wa mlangoni. Tangazo likichelewa, makosa ni yangu. Matatu ikiharibika, makosa ni yangu vile vile.

Na hicho Kiswahili cha mfukoni hakikufika mbali. Tulipata mteja wa mafuta ya kupikia. Nikaandika mama anakaanga vitunguu, anaongeza pojo na tui, watoto wanaingia jikoni kwa harufu. Nililipenda tangazo lile. Tarishi wetu, mtu wa Murang'a, alisikiliza kaseti mpaka mwisho akaniuliza kwa adabu kabisa: "Madam, Pojo ni nani?"

Alidhani ni mtoto.

Tukarekodi upya, pojo zikawa ndengu, tui likatoka. Wiki iliyofuata mama akanipigia simu kutoka Majengo ya Mombasa, ofisini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Mwanangu, nimesikia tangazo lako. Ndio mambo gani hayo ya ndengu? Umeshakuwa mtu wa bara?" Nikamwambia mamangu, hapa hawajui pojo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wafundishe." Miezi mitatu baadaye mteja akataka tangazo lichezwe Dar es Salaam pia, na kule ndengu ni choroko. Kwa hiyo punje moja ya kijani, mafuta yale yale, rekodi tatu. Bosi alilalamikia gharama ya studio. Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa ninalipwa kwa nini. Nikaanza kupanda matatu za Eastlands jioni bila safari yoyote, nikae nyuma, nisikilize makanga.

Bosi mwenyewe alikuwa mtu wa kumtaja David Ogilvy kila baada ya chakula cha mchana. Yule mtu, kabla hajafungua kampuni yake ya matangazo New York mwaka 1948, alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye hoteli Paris, akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba Scotland. Bosi alipenda sehemu ya majiko. Alisema kama hujauza kitu mlangoni kwa mtu huna haki ya kumwandikia tangazo, ingawa sijawahi kumwona yeye akiuza hata njugu. Jambo moja la Ogilvy lilinikaa: mwaka 1963 alipotoa kitabu chake, haki za kitabu hicho alimpa mwanawe kama zawadi ya kutimiza miaka 21. Nilimsimulia mwanangu hadithi hiyo nilipotoa changu. Akasema, "Mama, wewe nipe tu gari."

Nilichojifunza kwa bosi ambacho kilinifaa kweli ni hesabu ya 17.65. Nieleze, maana nimewaona watu wenye shahada wakiishangaa. Gazeti linamuuzia mteja ukurasa kwa shilingi 100,000. Wakala anapata asilimia 15, kwa hiyo analilipa gazeti 85,000 na kubaki na 15,000. Sawa. Lakini matbaa haitoi kamisheni. Matbaa ikikutoza 85,000 kwa mabango, wakala anaongeza 17.65 kwa mia, na 85,000 inakuwa 100,000. Yaani 15,000 ile ile, imeingilia mlango wa nyuma. Nilikaa miaka mitatu nikiona namba hiyo kwenye ankara nikidhani ni kodi ya serikali.

Miaka ya kupanda cheo nitaipita haraka, kwa sababu cheo hakina hadithi. Capital FM ilifungua mwaka 1996 na ghafla mlango haukuwa mmoja tena. Kameme ikaja mwaka 2000 kwa Kikuyu, na idhaa za lugha nyingine zikafuata, na mteja aliyekuwa akigombania maneno 21 sasa alitaka tangazo lake kwa lugha saba. Mwaka huo huo wa 2000 Safaricom na Kencell, kampuni za simu za mkononi, waliingia sokoni na fedha za matangazo zikawa kama mvua ya masika. Nikawa mkuu wa waandishi, kisha mkurugenzi. Nikanunua nguo ambazo leo hazinitoshi. Mwaka 2007 M-Pesa ilipotoka na ule wito wa kutuma pesa nyumbani, niliusikia nikiwa kwenye foleni ya magari Uhuru Highway, na niliona wivu mpaka mikono ikalegea kwenye usukani. Haukuwa wetu. Ulikuwa mfupi na ulikuwa kweli. Kila mtu Nairobi ana mtu nyumbani anayengoja.

Halafu Desemba. Tarehe 30 matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, ghasia zikazuka, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na Januari nzima simu za wateja zilikuwa za kufuta tu. Futa redio, futa gazeti, ngojeni tuone. Chumba cha waandishi tulikuwa sita. Wawili hawakufika kazini kwa wiki tatu, mmoja kwa sababu barabara ya kutoka kwake ilikuwa imefungwa kwa mawe, mwingine kwa sababu aliyoniambia baadaye sana na sitaiandika hapa. Tuliobaki tuliandika matangazo ya amani bila malipo. Yalikuwa mabaya. Nimeyasikiliza tena juzi juzi, na kila moja linaanza na neno "Mkenya mwenzangu" kwa sauti ya mtu anayeuza bima.

Niliondoka mwaka 2010. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nimechoka kuandika sekunde 30 kuhusu jikoni za watu bila kuingia jikoni.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri Kirinyaga Road, ambayo wenyewe bado wanaiita Grogan. Ukitaka kodi rahisi karibu na mji, nenda hapo. Ukitaka kurekodi sauti, usiende. Kuanzia saa mbili asubuhi chini yetu walikuwa wakigonga mabati, wakijaribu injini, wakiitana. Tulifunika kuta kwa magodoro ya soko la Gikomba na tukarekodi saa kumi na moja alfajiri au baada ya Isha. Kwenye rekodi zetu za mwaka wa kwanza, ukivaa vifaa vya masikioni, kuna nyundo kwa mbali. Sikuwahi kupata msikilizaji aliyelalamika. Mmoja alidhani ni mtindo.

Biashara ilikuwa hivi. Tulitengeneza kipindi cha dakika tano cha bei za sokoni, kila siku asubuhi isipokuwa Jumapili. Idhaa ikatupa dakika hizo bure, sisi tukaipa kipindi bure, na ndani yake sekunde 60 za matangazo zikawa zetu kuuza na sekunde 60 zao. Hakuna fedha zinazobadilishana mikono, na ndiyo maana nikaweza kuanza. Idhaa tatu zilikubali, kisha tano.

Nguzo ya kipindi haikuwa mimi. Ilikuwa mtu mmoja wa Wakulima Market, Marikiti kwa wanaoijua, dalali wa nyanya na viazi tangu ujana wake. Saa kumi kasorobo usiku malori yakishafika kutoka Nyandarua na Kirinyaga, alizunguka na simu yake ndogo akanipigia. Siku ya kwanza nilimwuliza, "Mzee, viazi gunia ni ngapi?" Akaniuliza gunia gani. Sikuelewa. Akanieleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba gunia liko la kawaida na liko lenye kilemba, lile lililoshonewa kofia ya nyavu juu mpaka viazi vimefika shingoni mwa mchukuzi. Bei ni moja kwenye mdomo, ila mkulima amelipwa gunia moja akatoa moja na nusu. Nilikuwa nimeandika matangazo ya chakula miaka 17 na sikuwa najua kilemba ni nini. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimesema gunia lisizidi kilo 50. Nenda Marikiti usiku wowote ujionee.

Tukatangaza bei zote mbili. Wakulima walianza kutupigia simu, wengine kwa kumshukuru yule mzee, wawili watatu kwa kumtukana, na hao wa mwisho walikuwa madalali wenzake. Kwa wiki nzima alinipigia akiwa ndani ya choo cha soko, akinong'ona.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaofungua kampuni baada ya kuajiriwa huanguka, na mimi nilianguka vizuri. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa, nisiyoitaja, ilichukua sekunde zetu zote za mwaka. LPO, ile hati ya kuagiza huduma, ikaja imepigwa muhuri. Nilicheza densi na msichana wa mapokezi. Tukatoa ankara kila mwezi, na wao walikuwa wamesema watalipa baada ya siku 90. Siku 90 zikawa siku 120, zikawa miezi saba. "Madam, hundi iko kwa mkurugenzi." "Madam, mkurugenzi amesafiri." "Madam, tumebadilisha mfumo, tuma tena ankara zote."

Watu hufikiri kilichouma ni kutolipwa. Kilichouma ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ukishatoa ankara, asilimia 16 yake ni ya serikali, na inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, umelipwa hujalipwa. Kwa hiyo kila tarehe 20 nilikuwa nikiilipa KRA, mamlaka ya kodi, kodi ya fedha ambazo sijaziona. Mwezi wa nne niliuza Toyota. Mwezi wa sita nikaenda benki, na benki wakati ule, baada ya sheria ya Septemba 2016 iliyoweka kikomo cha riba, zilikuwa hazitaki kuona mtu mdogo. Ofisa aliniambia kipindi changu anakisikiliza kila asubuhi, mkewe anakipenda sana, na mkopo hautawezekana.

Walilipa mwishowe, kwa mafungu matatu, wakikata kila fungu kodi ya zuio, ile ambayo anayelipa huikata na kuipeleka KRA. Hati za makato zilichelewa mwaka mzima.

Kipindi kilikufa 2019 bila kelele. Idhaa nazo zilikuwa zimebanwa, zikaanza kudai fedha taslimu kwa zile dakika tano, na watangazaji walikuwa wamehamia kwenye simu za mkononi. Niliwapa wafanyakazi haki zao, nikarudisha vyumba vya Grogan, nikaondoka na magodoro. Sijui kwa nini nilichukua magodoro.

Na kitabu? Kitabu ni cha kafyu. Machi 2020 Nairobi ilifungiwa ndani jioni, sina ofisi, sina kipindi, nina meza na saa yenye kioo kilichopasuka. Nikasema nitaandika maisha haya. Sura ya kwanza ikatoka maneno 70. Sifanyi mzaha. Niliandika, nikasoma kwa sauti, nikakata, nikasoma, nikakata, mpaka miaka yangu mitano ya kwanza ikaisha kwa sekunde 40. Kila sentensi ikimalizika mkono wenyewe unakwenda kwenye saa.

Nilipofikisha kurasa 60 nilimpelekea mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, aliyestaafu na anayeishi huku huku Nairobi. Alisoma siku mbili akanipigia.

"Binti yangu, shikamoo zako nimezipata. Lakini mbona kila aya inaniuzia kitu?"

"Marahaba, Mwalimu," nikajibu kinyumenyume, nilivyobabaika, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha. Kila aya yangu ilimalizika kwa sentensi fupi yenye kishindo. Kila moja. Alikuwa amezipigia mstari kwa wino mwekundu, kama zamani. Akaniambia nizifute zote, nione kitakachobaki. Ilinichukua miezi minne. Baadhi zilirudi kisirisiri, na msomaji mkali atazikamata hapa pia.

Nilichapa Machi 2021, nakala 500, kwenye matbaa ya Industrial Area, shilingi 310 kila nakala. VAT ilikuwa imepanda tena Januari kutoka asilimia 14 ya wakati wa korona hadi 16, kwa hiyo jumla ilikuwa 179,800, karibu 360 kwa nakala. Bei dukani 800. Duka linachukua asilimia 40, mimi nabaki na 480. Toa 360, toa bodaboda. Na duka halinunui, linachukua mali kauli: likiuza ndio unalipwa, lisipouza njoo uchukue makatoni yako. Nilipofika kaunta ya kwanza na kijana akaniambia "hundi ni baada ya siku 90" nilimwomba kiti.

Nimebakisha nakala 38. Kwa mtu aliyezoea kusikika na nchi nzima kwa asubuhi moja, 462 ni kitu kidogo mno, lakini hao 462 hunitumia ujumbe wakibishana nami kuhusu ukurasa fulani, na hakuna mtu aliyewahi kunitumia ujumbe kuhusu dawa ya mbu.

Nakala mojawapo nilimpelekea mzee wa Marikiti mwenyewe. Nilikuwa nimempa sura nzima, ndefu kuliko zote. Alivaa miwani, akaketi juu ya kreti, akatafuta jina lake kwa kidole. Akasoma kurasa mbili, akageuza, akageuza tena.

"Umeniandika vizuri," akasema. "Lakini bei ziko wapi?"

Nikamwambia nilizitoa, mzee, zilikuwa zinachosha msomaji.

Akavua miwani. "Miaka tisa nakupigia simu usiku. Nilikuwa nakupigia kukwambia nini?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka sasa. Nakala zikiisha nitachapa tena, na sura hiyo itakuwa na bei zake zote, gunia la kawaida na lenye kilemba, mwezi kwa mwezi. Nimeanza kuzitafuta kwenye madaftari ya Grogan.

Yeye hakuacha kutuma. Kipindi hakipo, idhaa hazipo, hakuna anayemlipa, lakini saa kumi na dakika chache simu inatetemeka kando ya kitanda. Leo: "Nyanya kreti imepanda mvua Kirinyaga. Sukuma wiki chini. Vitunguu vya Tanzania vimeingia malori mawili. Wewe bado umelala?"